Milo Mitatu, Mchana Mmoja

Kufikia saa saba Akuol alikuwa ameshakula chakula cha mchana mara moja, na sasa alikuwa akisukuma bakuli la ful katikati ya meza ili aanze cha pili.

"Kula basi, kaka Makur. Chukua mkate."

Makur aliyatazama maharage yaliyoelea kwenye mafuta, akameza mate, kisha akageuza uso barabarani. "Mimi iko sawa."

Hakuwa sawa hata kidogo. Koo lake lilipanda na kushuka kama la mtu anayemeza. Lakini mikono aliikunja magotini, akaiacha huko.

Akuol hakuelewa. Makur alikuwa karani wa chifu, kijana wa miaka thelathini hivi, na mfukoni mwake mlikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa, inayosema kwamba Akuol ni binti wa kwao na ukoo wake unajulikana. Ilikosa muhuri tu. Shirika moja kule Thongpiny, mtaa wa hapa Juba, lilitaka karani wa ghala, mwenyeji, na makaratasi yafike kabla ya saa kumi. Bila muhuri huo Akuol alikuwa Mkenya. Ajabu ni kwamba kule Eldoret alikokulia, hakuna siku aliyoitwa Mkenya. Polisi walimwita mkimbizi, na walipomwita walikuwa wamenyoosha mkono.

Asubuhi, Makur alikuwa amemwambia waziwazi: "Tangu Machi serikali haijatulipa. Ninunulie chakula, nitapiga muhuri."

Akuol alishukuru moyoni. Alitegemea kuombwa makubwa zaidi. Akampeleka kwa Wahabeshi, wakaletewa sinia moja pana, mkate chachu wa injera, dengu na vipande vya kondoo. Alipomega tonge la kwanza na kumkaribisha, Makur alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga ukuta. "Hii hapana."

Labda hapendi ule uchachu, Akuol aliwaza. Akala peke yake, kwa sababu chakula kilichokwisha pakuliwa hakirudishwi jikoni. Ndipo akamleta hapa kwa Mwarabu wa ful. Napo Makur akakataa. Labda anataka samaki? Labda anadhani nimemwekea kitu? Alichovya mkate, akala mbele yake ili aone hakuna sumu. Makur akazidi kugeuka, mpaka ikawa anamwonyesha sikio na kisogo.

Kituo cha tatu kilikuwa kwa Josline, Mganda aliyepika chini ya turubai katika mtaa wa Hai Mauna. Sahani mbili: matoke, mchuzi wa karanga, samaki wa leo kutoka mtoni Rejaf. Akuol alikuwa ameshiba hadi anapumua kwa mabega. Alijilazimisha tonge moja, akatabasamu.

"Hii ni tamu, buda. Onja tu."

Makur akasimama. Benchi likaanguka.

"Wewe nanichezea mimi?"

"Nakuchezea aje? Si nakubembeleza ule!"

"Mara tatu! Mara tatu wewe naniketisha, wewe nakula mbele ya macho yangu, natafuna, nasema kula, kula." Akamnyooshea kidole. "Msichana ya kwetu hawezi kufanya hii. Wewe si mtu ya kwetu. Ile barua ni uongo."

Akatoka, akasimama juani, akawapa mgongo.

"Nimemfanya nini?" Akuol aliuliza.

Josline aliweka mwiko chini. "Nyabo, dada yangu, kweli hujui? Mimi mtu wa Gulu najua!" Akainua pazia la nyuma. Vijana watatu walikuwa huko, wameinamia sahani. Mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. "Vijana ya kwenu hawakuli mbele ya msichana. Ni aibu. Wanaweza kufa njaa. Hii pazia niliweka sababu yao. Ungelipa tu, ukaenda. Mimi ningemweka huku, angekula mpaka sufuria ilie."

Akuol alilitazama lile pazia. Alijaribu kukumbuka kama mama yake aliwahi kumfundisha hilo, akakumbuka chumba kimoja kule Eldoret, sufuria moja, na watu saba wa koo tatu tofauti wakila wima kabla mwenye nyumba hajaja. Mtu angejificha wapi?

Saa tisa kasorobo Makur alirudi mlangoni. Muhuri alikuwa ameushika. Midomo ilikuwa imemkauka, na Akuol alimwonea huruma kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sema malesh," Makur alisema polepole. "Hapa, hawa watu wasikie. Sema ulikosa, nitapiga muhuri, kalas, imekwisha."

Nyuma ya pazia vijiko vilinyamaza.

"Sema tu, mwana," Josline alinong'ona. "Ni neno moja. Usipoteze kazi hiyo!"

Akuol aliivuta sahani ya Makur, akampa Josline. "Mpeleke nyuma ya pazia ale. Imeshalipiwa." Kisha akamgeukia karani.

"Uliniambia una njaa, nikakutafutia chakula Juba nzima. Ungesema nitoke, ningetoka. Mimi ni binti ya kwetu, hata kama nimekula mbele yako. Malesh sisemi."

"Basi kazi hakuna."

"Nimesikia. Sisemi."