Buibui Aliyehudhuria Kliniki

Jumanne, siku ya wajawazito, Faustina alifika zahanati saa mbili asubuhi akakuta benchi limejaa. Mimba yake ilikuwa na miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Mwisho wa benchi alikaa buibui wa shambani kwake, amebeba mfuko wa mayai nyuma ya tumbo.

"Usimnunie," Rogathe, mjamzito mwenzake, alimwambia. "Mwenzio ana miguu minane, lazima akuwahi."

Wanawake wakacheka, wakasogea kumpa nafasi.

Nesi Dorkas alimweka buibui kwenye mizani ndogo ya dawa.

"Mfuko mwepesi huu. Unakula nini?"

"Vidukari."

"Na nini kingine?"

"Vidukari tu. Wadudu wengine walikufa kwa dawa."

Nesi akaandika, akamgeukia Faustina. "Haya mama, na wewe?"

"Makande."

"Yana maharage?"

Faustina akatazama sakafu. "Hapana, nesi. Mahindi matupu."

"Nyote wawili mle mchanganyiko. Mkiendelea hivi hamtafika."

Walirudi pamoja, maana shamba ni moja. Miaka mitatu nyuma kingo zake zilikuwa na kunde, maboga na magimbi, na panzi na nzi wa kila aina. Kisha akaja mnunuzi aliyetaka tangawizi peke yake, inayopuliziwa dawa kila Alhamisi.

Aminiel, mumewe, alikuwa anakoroga dawa kwenye ndoo.

"Niachie mstari mmoja wa kunde," Faustina alisema. "Wiki tatu tu nachuma majani. Na huyu atapata wadudu."

Aminiel alimtazama buibui, akamtazama mkewe. Akajibu kwa upole.

"Mnunuzi akiona jani la kunde, tangawizi yote hii anatuachia. Tutaipeleka wapi?"

Akajaza bomba la kupulizia, akalibeba mgongoni.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, mtoto aliacha kucheza tumboni. Alizaliwa Jumatano, kimya, kucha zake zimekamilika. Siku hiyo buibui alifungua mfuko wake kwa meno akakuta maganda makavu.

Hapakuwa na mahali pa kuzika pasipo na tangawizi. Aminiel aling'oa mashina sita nyuma ya nyumba, akayalaza kivulini, akachimba. Buibui alikuja akiburuta mfuko, akasubiri pembeni. Aminiel akaongeza shimo upana wa kidole kimoja.

"Pole," Faustina alimwambia buibui.

"Pole na wewe, mama."

Udongo uliporudishwa, Aminiel aliyapanda tena yale mashina sita juu yake, akayamwagilia maji. Faustina alimshikia kopo.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Alipita tuta kwa tuta, akasimama nyuma ya nyumba, akainama kukagua majani. Akasema mashina ya hapo yamesinyaa kidogo, waongeze dawa.

"Sawa, bosi," alisema Aminiel.

Faustina akaenda kuleta ndoo.