Toleo Lililoidhinishwa

Ofisi ya kiwanda cha magodoro ilikuwa na mafaili ya ripoti yenye majina ya kukatisha tamaa. Kulikuwa na "Ripoti ya Mwisho", kulikuwa na "Ripoti ya Mwisho Kabisa", na juu ya zote kulikuwa na "Tumia Hii Usiguse", ambayo kila mtu alikuwa ameigusa. Mtengeneza ripoti, ambaye wenzake walimwita Dada Takwimu kwa heshima akiwapo na kwa kicheko akiwa hayupo, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akamwendea mkurugenzi na kumweleza kuhusu mfumo wa kutunza matoleo: kila badiliko la ripoti linahifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake, na toleo la zamani halipotei.

"Yaani mtu akiharibu, anajulikana?" mkurugenzi aliuliza.

"Mchana kweupe, bosi."

"Weka hata leo."

Aliyelengwa na Dada Takwimu ni Mzee wa Rangi, mwenzake wa meza ya pili, ambaye kwake ripoti ilikuwa kitu cha kupambwa. Hakuwa mtu mbaya, ila kila alipofungua ripoti "aiweke sawa kidogo", hesabu fulani ilikufa mahali. Mfumo ule ulikuwa mtego, na Dada Takwimu aliutega kwa furaha isiyopendeza kuisimulia.

Yeye mwenyewe hakufanyia kazi zake ndani ya programu maalumu ya ripoti. Aliiona nzito, ya kubonyezabonyeza, ya watu wenye muda wa kuchezea. Alifungua mafaili kwa programu nyepesi ya kuandikia, isiyo na mchoro wala rangi, akayaona matumbo ya ripoti yakiwa maneno matupu. Humo, akiandika neno moja na kubonyeza "badilisha zote", linaingia kila mahali kwa mpigo.

"Wewe unapaka nyumba rangi," alimwambia Mzee wa Rangi. "Mimi nashika msingi."

Mzee wa Rangi alicheka, akaendelea kutafuta kijani kizuri.

Mwezi ukaisha, ripoti ikatoka, na ukurasa wa ghala ukawa mwekundu tupu. Kwa mujibu wake, magodoro yalikuwa yakichelewa ghalani kiasi cha kutia aibu. Msimamizi wa ghala alikuwa shemeji yake Dada Takwimu, mume wa mdogo wake, mtu wa kufika kazini mlinzi akiwa bado anapiga miayo. Mkurugenzi akamsimamisha kazi papo hapo, mpaka mambo yaeleweke.

Mdogo wake akapiga simu. "Dada, ripoti si unatengeneza wewe? Watoto wanamuuliza baba yao mbona yuko nyumbani, anawaambia anapumzika. Yule mtu anajua kupumzika?"

"Tulia. Kuna mtu kaichezea. Kesho namwanika mbele ya watu."

Alisema hivyo bila hata kuchungulia kwenye mfumo. Angechungulia, angejiokoa, lakini hakuona haja. Kwani kuna mwingine zaidi ya Mzee wa Rangi?

Kikaoni alikuwapo mkurugenzi, walikuwapo wakuu wa idara, na shemeji mwenyewe aliitwa kujieleza, amevaa shati lake la kutokea. Dada Takwimu akaiwasha historia ya ripoti ukutani, akaishuka pole pole kama mtu anayekula kitu kitamu.

"Hapa ndipo hesabu ya ghala ilipobadilika," alisema. "Na aliyeibadilisha ni huyu."

Akabonyeza. Jina likatokea kubwa, na lilikuwa lake.

Mzee wa Rangi, kwa uungwana wake, aliinama chini ya meza kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Hapo ndipo Dada Takwimu alipokumbuka. Idara ya mauzo iliomba ripoti yao ihesabu siku tangu mteja anapoagiza. Aliibadilisha kwa ile programu yake nyepesi, kwa "badilisha zote", huku mafaili yote yakiwa wazi. Badiliko likaingia na kwenye ripoti ya ghala. Ghala lililokuwa likihesabiwa tangu linapopokea oda, sasa lilibebeshwa na siku zote ambazo oda ilikaa kabla ya kulifikia.

"Kosa ni langu," alisema, masikio yakimwaka. "Ghala halijachelewa. Shemeji, nisamehe."

"Mimi nilijua halijachelewa, shemeji," alijibu taratibu. "Nilichokuwa sijui ni nani kasema limechelewa."

Kutoka chini ya meza Mzee wa Rangi akauliza, bila nia mbaya hata chembe: "Sasa kama hazikuwa ghalani, siku zote hizo oda zilikuwa wapi?"

Kila aliyekuwapo alijua. Oda haishuki ghalani bila sahihi ya mkurugenzi, na kwenye meza ya mkurugenzi oda zilikuwa zinalala mpaka zinaota ndoto. Hakuna aliyethubutu kusema. Dada Takwimu alifungua mdomo, akaufunga, akajiambia kwamba la muhimu ni shemeji arudi kazini, mengine baadaye. Ulikuwa woga mtupu, ila yeye aliuita busara.

Mkurugenzi alikohoa. "Rekebisha. Ripoti ikikaa sawa, msimamizi arudi. Ila tumejifunza. Kuanzia leo hakuna badiliko litakaloingia kwenye ripoti bila idhini yangu mimi."

Dada Takwimu aliafiki kwa moyo mmoja, kwani kitaalamu ndivyo inavyotakiwa. Aliirekebisha ripoti chai yake ikiwa bado ya moto, akaituma. Mfumo ukamjibu kwamba badiliko linasubiri idhini.

Likasubiri. Alimkumbusha mkurugenzi kwenye korido, akaambiwa limeonekana. Alimfuata ofisini, akaambiwa mambo ya namba hayataki pupa, tena somo hilo alilitoa Dada Takwimu mwenyewe kwa kosa lake. Shemeji alipaka chokaa nyumba nzima, akahamia kwenye ukuta wa jirani. Bodi ikakutana, ikasoma toleo lililoidhinishwa, lile jekundu, maana ndilo pekee lililokuwa halali. Shemeji akafukuzwa kwa ushahidi kamili. Wiki iliyofuata, idhini ikatoka.

Katika kikao cha mwezi mkurugenzi akainua ripoti mbili, ya zamani nyekundu na mpya ya kijani. "Tazameni wenyewe! Hakuna hata godoro moja lililochelewa. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi mpya."

Msimamizi mpya, mtu mpole, aliinua mkono. "Bosi, mimi hata funguo za ghala bado sijakabidhiwa."

"Mnaona unyenyekevu huo?" Wakapiga makofi.

Dada Takwimu akasimama. Safari hii alisema yote: kosa lake, oda zinazolala mezani kwa mkurugenzi, marekebisho yaliyolala hapo hapo, na mtu asiye na hatia aliyepoteza kazi wakati yanalala.

Mkurugenzi, tumpe haki yake, aliguswa kweli. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe tumemwonea mtu," alisema. "Arudi. Arudi mara moja!"

Barua ya kumrudisha shemeji ilichapwa kabla kikao hakijavunjika. Dada Takwimu alimpigia mdogo wake akiwa bado kwenye ngazi, wakalia wote wawili kwenye simu. Kisha akaenda kwa katibu muhtasi kuichukua.

"Iko tayari, dada," katibu alimwambia. "Imebaki sahihi ya bosi tu."