Viroboto wa Ghorofa ya Tatu

Sirri, paka wa Oiva Rautiainen, hakuwahi kukanyaga theluji maisha yake yote. Alizaliwa ndani, akakulia ndani, ghorofa ya tatu mjini Kuopio, Ufini, na dunia yake ilikuwa sofa, jiko na roshani yenye vioo. Kwa hiyo siku Oiva alipompitishia Sirri kitana, na kiroboto akadondokea kwenye bakuli la maji ya sabuni, Oiva aliona ametukanwa.

"Ijumaa ijayo Riikka anakuja na mjukuu wetu," alisema mkewe, Helvi. "Na mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Wadudu wakiwa bado wamo, paka anakwenda shambani kwa kaka yangu, akalale na ng'ombe."

"Na ng'ombe! Sirri huyu?"

"Huyu huyu."

Oiva hakupoteza muda. Mhalifu alimpata kwenye ngazi: Tyyne wa ghorofa ya kwanza, akimpeleka mbwa wake nje.

"Wewe Tyyne! Mbwa wako anatuletea viroboto!" alifoka, hadi milango ikafunguka.

"Mbwa wangu anakushinda kuoga, Oiva," Tyyne alijibu bila kusimama. "Kagua ndevu zako kwanza."

Kazi ikaanza. Dawa ya matone kutoka kwa daktari wa wanyama ilidondoshwa kisogoni, mahali ulimi wa paka haufiki. Shuka na mito vikafuliwa kwa maji ya moto. Mashine ya kufyonza vumbi ikapita hadi uvunguni, na mfuko wake ukafungwa ukatupwa nje. Zamu yao ya sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke, ilipofika Jumamosi jioni, hawakuoga. Oiva alitandaza mazulia kwenye mabenchi ya juu, akaliachia joto lifanye kazi. Kukosa sauna ya Jumamosi si jambo dogo. Alilimeza kwa ajili ya paka.

Jumatano Helvi akaamka na vipele vipya miguuni. Hakugomba. Alichukua simu akampigia kaka yake. "Njoo kesho," alisema. "Uje na kikapu chenye kifuniko."

Oiva akatoka kwenda roshani ili asionekane uso. Sirri alikuwa amelala kwenye kiti chake, na chini ya kiti vilikuwapo visanduku vya mbao vya ndege kutagia. Kila Machi Oiva huviteremsha kutoka kwenye miti ya mibetula ya kibanda chao cha ziwani, akakwangua viota vikuukuu na kugongea mapaa yaliyolegea, kabla ndege hawajaanza kutaga. Mwaka huu baridi ilimchosha, akavipakia garini na viota vyake, akavikwangue nyumbani kwa raha.

Alifunua paa moja. Vidoa vyeusi vikaruka kutoka kiotani hadi mkono wa shati lake: viroboto.

Angeweza kuvitupa visanduku kimyakimya, akabaki na heshima yake. Lakini Helvi angeendelea kuamini viroboto ni wa paka, na kesho kikapu kingefika.

"Helvi, mpigie tena kaka yako," alisema. "Si paka. Wala si mbwa wa Tyyne. Ni mimi."

Helvi alivitazama visanduku, akamtazama mumewe, kisha akacheka hadi akashika meza. "Yaani umewapa lifti, ukawaweka na juani wazinduke!"

"Basi Sirri abaki?"

"Atabaki. Ila shuka kwanza kwa Tyyne."

Oiva alishuka, akagonga, akaomba radhi kwa sauti ya chini kabisa.

"Sisikii," Tyyne alisema, mikono kiunoni. "Siku ile ulikuwa na sauti."

Akarudia, mara hii hadi juu ya ngazi wakasikia.

"Haya, nimesikia. Ingia unywe kahawa."

"Nina visanduku vya kutoa nje, jirani."

"Kahawa kwanza, bwana mifugo."

Jioni ile viota vilichomwa uani, na roshani ikasuguliwa kwa maji ya moto. Ijumaa mtoto alitambaa sebule nzima asiumwe na kitu. Sirri alimwona akimjia, akapanda juu ya kabati la vitabu, na hakushuka ila kula, hadi wageni walipoondoka.