Ukurasa wa Shukrani

Chuoni walimwita Mama Nukta, na jina lenyewe halikumkera. Wenzake wa chumba cha uchapaji walikuwa wamehamia zamani kwenye programu za kubofyabofya. Yeye aliendelea kuandika maandishi matupu, na amri zake zote zilianza na nukta mwanzoni mwa mstari. Nukta na herufi mbili, kichwa cha sura kinakaa katikati. Nukta na herufi nyingine mbili, jedwali linajipanga lenyewe. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amezitunga amri hizo, moja fupi ikibeba ishirini ndefu ndani yake, akazifunga kwenye faili moja aliyoiita kifurushi. Ungempa kurasa mia nne za hesabu, kifurushi kingezipanga wewe bado unakoroga chai. Waliomcheka ndio hao hao waliomletea kazi zao zilipovurugika, tena wakiwa wapole kama nini.

Miaka sita alikuwa kaimu msimamizi wa chumba kile. Kaimu, hebu fikiria, miaka sita! Kamati ya ajira haikutaka kumthibitisha mpaka aonyeshe kitabu kilichochapishwa, yeye akitajwa ndani kama mpangaji. Mitihani na ripoti alizopanga hazikuwa na jina la mtu. Basi mdogo wake, mwalimu wa hesabu pale pale chuoni, alipomaliza kuandika kitabu, mama wa watu aliona mlango umefunguka.

"Dada, nipangie," mdogo wake alimwambia. "Kwenye shukrani nitakutaja waziwazi, na kazi uliyoifanya."

Wakafanya kazi miezi kumi na mmoja, kila Jumamosi, kwenye meza ya kulia ya dada mtu. Yeye alipanga, mwalimu alisahihisha. Na kwa kuwa mwalimu hakupenda kuomba kila nukta ibadilishwe, dada akamfundisha amri zote, moja baada ya nyingine, kwa subira ile ile aliyomfundishia kufunga kamba za viatu. Katika kupanga, akakuta majibu ya nyuma ya kitabu yana makosa. Si moja wala mawili. Arobaini na moja! Mwalimu alicheka, akayarekebisha, akasema bila dada yake angeumbuka.

Mwishoni mwalimu aliomba akae na faili wiki moja aandike shukrani. Alipoirudisha, akasema, "Ukurasa huo usiusome mpaka kitabu kitoke."

Naye hakuusoma. Mtu anayekagua nafasi kati ya koma na neno linalofuata, ukurasa huo mmoja aliuruka, kwa haya tu, kama mtu asiyetaka kufungua zawadi yake kabla ya siku. Akaipeleka faili kiwandani ikachapwe vilevile.

Vitabu vilipokuja alifungua cha kwanza akiwa amesimama. Mwalimu alimshukuru mkuu wa idara, mkewe, wanafunzi wake, hata mlinzi aliyemwashia taa. Dada hakuwemo. Alisoma mara tatu, kisha akageuza karatasi kuona kama imeshikana na nyingine.

Alimpigia simu hapo hapo.

"Mungu wangu, dada," mwalimu akasema. "Nilikuandika. Niliuanza mstari wako na nukta tatu, kwa madoido tu. Si ulisema mashine yako inadhani kila chenye nukta mwanzoni ni amri? Basi imeumeza."

Na ni kweli, inameza. Mstari ukianza na nukta na amri yenyewe haijulikani, programu inaupita kimya, haiuchapi wala haisemi neno. Mama Nukta aliujua ugonjwa huo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo akajilaumu mwenyewe. Siku mbili hakula vizuri. Alikaa anawaza kwamba kifurushi chake kingepaswa kutoa onyo, na miaka yote hiyo hakulitia, na sasa yamemfika mwenyewe. Alimwonea huruma hata mdogo wake, kwa aibu aliyomtia.

Siku ya tatu aliifungua faili ili atie hilo onyo, alijaribie kwenye mstari uliopotea.

Mstari ulikuwepo. Haukuwa na nukta tatu. Ulisema: *Zaidi ya wote namshukuru dada yangu, aliyepanga kitabu hiki chote na kugundua makosa arobaini na moja katika majibu.* Na mbele yake zilikuwa zimekaa alama tatu: nukta, kistari cha mshazari kilicholalia nyuma, na alama ya kunukuu. Hiyo ndiyo njia ya kuiambia programu kwamba mstari huu ni siri ya mwandishi, usichapwe. Alama hizo hazijipangi pamoja kwa bahati tu. Zinaandikwa na mtu anayejua anachoficha.

Akaelewa papo hapo. Mwalimu aliandika kwa moyo mweupe, kisha akasoma tena, akaona kitakachosomwa na wenzake: kwamba mwanamke wa chumba cha uchapaji amemsahihisha hesabu. Angeweza hata kuyafuta maneno ya makosa na kuyaacha ya shukrani. Hakufanya hivyo.

Kamati ilikaa Jumatatu asubuhi. Alikwenda na kitabu, na faili kwenye kompyuta ndogo. Mwalimu naye aliitwa. Mkuu wa utawala, mzee mwenye adabu zake, aliusoma mstari kwenye kioo mara mbili.

"Mama, faili hii inakaa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na tarehe ya mwisho ya kuandikwa, mtu anaweza kuibadilisha?"

Angeweza kudanganya. "Anaweza," akasema.

"Hapa chuoni, nani anajua kuandika mstari na kuuficha namna hii?"

"Mimi," akasema, "na yeye. Nilimfundisha."

Wote wakamgeukia mwalimu. Alikuwa akiitazama ncha ya kiatu chake.

"Dada alinichapia kitabu, namshukuru sana," akasema taratibu. "Lakini hayo mambo ya nukta mimi siyajui. Sijawahi kuyajua."

Mkuu wa utawala akafunga kompyuta kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa. Akasema kamati haitaandika popote kwamba mama amejiongezea mstari. Wataliacha tu jambo hilo lipite, kwa heshima ya utumishi wake. Nafasi itatangazwa upya. Mama Nukta akamshukuru, akabeba vitu vyake.

Mwalimu alimkimbilia kwenye ngazi.

"Dada, usikasirike. Jaribu kunielewa. Jumamosi nakuja tuongee nyumbani."

Mama Nukta alishuka ngazi mbili zaidi kabla ya kugeuka.

"Nyumbani kwa nani?" akamuuliza, na akangoja kweli ajibiwe.