Chaja ya Pikipiki ya Magesa

Pikipiki ya Magesa ilikuwa inalala sebuleni, kama zinavyolala pikipiki zote za Musoma ambazo wenyewe wanazipenda. Enzi za uhai wake aliiingiza kila jioni kwa mlango wa mbele, tairi likapanda juu ya zulia, na mkewe Dorotea akanung'unika kwamba wali unanukia petroli. Siku aliyoanguka ghafla kule Butiama, alikokwenda kufunga pampu ya kisima, fundi mwenzake ndiye aliyeirudisha. Aliiingiza sebuleni palepale pake, akaweka ufunguo mezani, akaondoka bila kunywa hata maji. Waombolezaji walikaa wakiizunguka. Waliitundikia khanga na mikoba, na shangazi mmoja kutoka Kiriba aliiegemea akalala, akakoroma msiba mzima.

Dorotea hakulia. Si kwamba alijikaza, maana watu walimsifu kwa kujikaza na sifa hiyo haikuwa yake. Mwili ulikuwa unakwenda wenyewe: unachemsha chai, unapokea pole, unajibu "tunashukuru." Ndani alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Walipomzika Magesa kijijini kwao Kiriba alikuwa anawaza kama sufuria ya maharage imefunikwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamfikia. Pikipiki ile ni ya kisasa, haina kiki ya kuwashia kwa mguu. Ukizungusha ufunguo, kabla hata ya kuwasha injini, taa ya mbele inawaka yenyewe, mshale wa dashibodi unapanda mpaka mwisho na kushuka, na pampu ya mafuta inalia kidogo, ziii, kisha inanyamaza. Mlio huo ndio uliokuwa ukimwamsha Dorotea asubuhi miaka yote ya ndoa. Basi jioni, saa za Magesa kurudi, alikuwa anazungusha ufunguo, anakaa kwenye kochi, anaangalia taa ikimulika ukuta. Wakati huo alihisi kwamba Magesa yupo. Akisikia binti yake Recho anafungua geti akitoka shule, alizima na kwenda jikoni. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni, na hakuna aliyejua.

Sasa ukoo wa kina Mugeta, alikotoka Magesa, una utaratibu wake. Kitu cha marehemu hakigawiwi kwa maneno. Anayepewa lazima akitumie palepale mbele ya mashahidi: jembe alilimie, wavu aurushe, ng'ombe amkamue. Jembe likivunjika au ng'ombe akigoma, basi, kitu kinabaki nyumbani kwa mjane, na watu wanaondoka wakisema marehemu kamnyima fulani. Na wakishasema hivyo wamesema, wataendelea kusema mpaka wajukuu.

Pikipiki ilipangiwa Keraryo, mdogo wake Magesa, fundi simu wa Bunda. Hakuna aliyebisha, hata Dorotea. Wazee walikuja mjini wakiongozwa na Mzee Nathanieli, baba mdogo wa marehemu. Walisali, pikipiki ikatolewa uani, Keraryo akapanda, akabonyeza selfu, kile kitufe cha kuwashia injini.

Tik. Tik. Kimya.

Waliisukuma barabarani mpaka mashati yakalowa. Haikushika.

"Ni betri tu hii, baba," alisema Keraryo, jasho likimtoka. "Imekaa. Naibeba Bunda, kesho inaunguruma."

"Hubebi kitu," alisema Mzee Nathanieli. "Najua ni betri, mimi siyo mtoto. Jembe la babu yako lilivunjika mpini, na mpini ni mti tu. Lakini ulivunjika siku hiyo, mbele ya watu. Kwa nini siku hiyo?"

Jibu alilijua Dorotea peke yake, akalimeza. Mzee akatoa nafasi moja zaidi, Jumamosi itakayofuata. Mpaka hapo Keraryo asiiguse. Ikikataa tena, inabaki ndani, na mambo yatakuwa yamejulikana.

Usiku ule Dorotea alielewa kwamba uamuzi uko mikononi mwake. Akiacha mambo kama yalivyo, pikipiki ni yake. Angenunua betri mpya kimyakimya siku yoyote, na kila jioni taa ingewaka ukutani mpaka azeeke. Alijiuliza anataka nini, akakuta hajui. Kesho yake alifungua kiti kwa spana ya Magesa, akatoa betri, akaitia kwenye kikapu na kwenda mtaa wa Mukendo kwenye duka la spea la Jenipher, kwa sababu ndivyo mke wa fundi anavyofanya kitu kikiharibika.

Jenipher ni mwanamke mnene wa maneno mengi, anayeuza spea na kugombeza wateja kwa bei hiyohiyo. Aliipokea betri, akaigeuza.

"Ulianza kufungua waya upi, mama Recho?"

"Nilioona kwanza."

"Mungu alikuonea huruma. Kufungua unaanza mweusi, kurudisha unaanza mwekundu. Shika hapo hapo." Akagonga mfuniko kwa ukucha. "Hii ni kavu. Haifunguliwi, haiongezwi maji. Sasa angalia." Aliweka chaja mbili juu ya kaunta. Moja kubwa, ina mpini kama ndoo. Nyingine ndogo, inaenea kiganjani, ina taa moja na vibanio viwili. "Hiyo kubwa ni ya lori. Wewe unataka hii. Inapeleka moto kidogo kidogo, ikishiba inajikata yenyewe. Na usichajie ndani ya pikipiki, umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa hasira utaunguza mambo ya kompyuta yale. Toa betri, weka chini. Na nisisikie umeipeleka mwaloni kwa wavuvi, kwenye zile chaja za betri za taa za dagaa! Kule wanaipiga moto mkubwa, inavimba kama andazi. Umeshaizika hapo."

Neno likamtoka kabla hajalizuia. Akashika mdomo. "Samahani, mama Recho."

"Hamna shida," alisema Dorotea, na kweli hakukuwa na shida, hakuhisi kitu. "Nitarudi."

Hakununua. Alitoka na kikapu chake, na miguu badala ya kupanda nyumbani ikateremka mwaloni.

Njiani alijua vizuri anachofanya. Huko hakuna atakayemlaumu. Watu watasema maskini mjane wa watu, alijitahidi, alipeleka betri kuchajiwa, ikafa. Hatakuwa amekataa, hatakuwa amekubali. Moto mkubwa ndio utakaoamua, na yeye atarudi kwenye kochi lake.

Kibanda cha Clementi kilikuwa kimejaa betri za taa za dagaa, zimepangwa sakafuni vifuniko wazi, zinatoa povu na harufu kali inayowasha pua. Wavuvi wanaziacha asubuhi, jioni wanazichukua. Clementi alikuwa rafiki wa Magesa tangu ujana wao. Alipomwona Dorotea alifuta mikono kwenye suruali.

"Lete, shemeji. Kadogo haka! Jioni unakachukua kameshiba."

Dorotea akampa. Clementi akainama kutafuta waya, akasita, akainuka tena na betri mkononi.

"Ila shemeji, nikuulize. Ni kweli Magesa amemnyima mdogo wake?"

"Nani kasema?"

"Mwalo mzima. Watu wa Kiriba wamekuja na habari hiyo, wa Suguti wameshaibeba. Mimi nilikuwaga nabisha. Nasema Magesa hakuwaga na roho hiyo, yule alikuwaga anakuvulia shati. Lakini ndiyo hivyo." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kumbe mtu unaishi naye, humjui."

Kitu kikampanda Dorotea. Mwanzoni hakukitambua, maana alikuwa hajahisi kitu siku nyingi. Ilikuwa hasira. Alimkasirikia Clementi, akaukasirikia mwalo na midomo yake, halafu hasira ikageuka ikamtazama yeye mwenyewe. Magesa, aliyekuwa akimtumia Keraryo ada ya ufundi kabla hajajinunulia viatu, alikuwa amelala Kiriba akiitwa mchoyo. Na aliyemfanya mchoyo ni yeye, kwa taa ya jioni. Alikuwa amekuja hapa kummalizia.

"Nipe betri yangu," alisema.

"Shemeji, sijaiunga hata..."

"Nipe!"

Aliinyakua, akapanda mlima karibu anakimbia, na Jenipher alimwona anaingia dukani anahema.

"Ile ndogo," alisema Dorotea.

Nyumbani aliweka betri sakafuni, juu ya gazeti, mbali na zulia. Alibana kibanio chekundu kwenye alama ya kujumlisha, cheusi kwenye ya kutoa, akavitikisa kuona vimeshika. Ndipo akachomeka plagi ukutani, mwishoni kabisa kama alivyoelekezwa. Taa ya chaja ikawa nyekundu. Pikipiki ilisimama pembeni kiti kimefunuliwa. Saa ya Magesa kurudi ilipofika, mkono wake ulitaka ufunguo ingawa alijua hakuna kitakachowaka. Alikaa akaangalia kile kitaa chekundu. Hakikumpa kitu. Ganzi ilikuwa imerudi, tena nzito zaidi, na hasira imeondoka kama mgeni asiyelala.

Umeme ulikatika mara mbili, ukarudi. Kesho yake taa ilikuwa kijani. Alichomoa plagi kwanza, akatoa vibanio, akairudisha betri mahali pake, mwekundu kisha mweusi.

"Mama, hujaribu?" aliuliza Recho. "Tuone kama inawaka."

Sababu nzuri kuliko hiyo asingepata. Ilikuwa halali kabisa, hata Jenipher angesema ajaribu. Lakini Dorotea alijijua. Akijaribu mara moja atakaa, akikaa jioni moja atakaa zote zilizobaki, na Jumamosi itakuwa tik, tik.

"Ufunguo huo kaa nao wewe," alimwambia mtoto. "Hata nikikuomba, usinipe."

Recho alimtazama mama yake, akafunga ufunguo kwenye pindo la sketi. Jioni mbili Dorotea aliuomba. Jioni zote mbili mtoto alikataa, na mara ya pili alikataa huku analia.

Jumamosi walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana watu wanapenda kuona aibu ya mwenzao ikikamilika. Wengine hawakuwa hata wa ukoo. Clementi alisimama ukutani, amevaa shati la kanisani. Mzee Nathanieli alisali kwa kirefu. Recho akafungua pindo, akatoa ufunguo.

Keraryo alipanda. Alizungusha ufunguo. Taa ikawaka, mshale ukapanda na kushuka, pampu ikalia, ziii. Dorotea alikuwa amesimama mlangoni na mlio ule ukampita mwilini mzima. Keraryo akabonyeza selfu. Injini ikashika palepale, bila hata kukohoa.

Vigelegele vikapasua uwanja. Clementi alipiga paja akapayuka, "Nilisema mimi! Magesa namjua mimi!" kana kwamba hakuwahi kusema lingine. Keraryo aliinamisha kichwa juu ya tangi akalia kama mtoto, kwa sababu naye wiki nzima alikuwa anajiuliza kaka yake amemchukia kwa lipi.

"Magesa ameachia," alisema Mzee Nathanieli. "Ameachia kwa moyo mmoja. Asiwepo wa kusema lingine."

Dorotea aliona jina la mumewe limesafishwa mbele ya macho yake, na alifurahi, kwa umbali, kama anasikiliza habari za nyumba ya jirani. Keraryo alijifuta uso, akaaga wazee, akatoka getini kuelekea njia ya Bunda. Mlio ukateremka mtaa, ukaanza kupungua.

"Mwiteni," alisema Dorotea.

Watu hawakumsikia kwa vigelegele.

"Mwiteni arudi!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotegemea. Clementi akapiga mluzi wa vidole viwili, ule wa kuitia mitumbwi. Kwenye kona pikipiki ikasimama, ikageuka, ikarudi mpaka mbele yake. Keraryo hakuzima injini.

"Shemeji? Nimesahau nini?"

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Mzee Nathanieli naye alimwangalia, ameinua kidevu. Dorotea alitaka kusema niachie. Niachie hata jioni moja, Jumatatu uje uichukue. Alilitaka neno hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu, na lilikuwa tayari mdomoni. Lingetosha kuwarudisha watu wote mwaloni wakiwa na habari mpya.

"Chaja," alisema. "Umesahau chaja."

Aliingia ndani akaitoa, imefungwa waya wake vizuri. Akamwekea Keraryo mkononi.

"Ikikaa bila kutembea, toa betri uichaji. Nyekundu kwenye kujumlisha, nyeusi kwenye kutoa, ukutani mwisho. Usiipeleke kwa watu wa mwalo."

"Sawa, shemeji."

"Na swichi usiiache wazi injini imezimwa. Ile taa inakula betri. Usiwashe ukakaa tu unaiangalia."

Keraryo akacheka, machozi bado usoni. "Nani atakaa aangalie pikipiki, shemeji?"

"Hakuna," alisema Dorotea.