Nishani ya Duki na Mchoraji wa Vipepeo

Profesa Reuschel alipofariki, mkewe Ottilie alijua kuna kitu cha kurudisha. Zamani Duki, mtawala wa kijimbo chao cha Ujerumani, alimvika mumewe Nishani ya Sanaa na Sayansi kwa kitabu chake cha vipepeo, na sheria ilikuwa wazi: mwenye nishani akifa, inarudi kasrini, apewe mwingine. Aliyeianzisha ni babu yake Duki. Hakuwa na jeshi la kumtisha jirani, akaona heri ajipatie sifa kwa kuwatuza wenye vipaji. Kabla ya Reuschel iliwahi kuning'inia shingoni mwa mpiga kinanda wa kanisa, na kabla yake, mwa daktari wa macho.

Ottilie akajitanda shela nyeusi, akapanda kilima hadi kasrini. Ilikuwa Novemba 1918. Vita vimekwisha, na wiki ile Duki aliachia kiti cha enzi, akaondoka na mbwa wake.

Langoni hakukuwa na askari. Jikoni alimkuta Bwana Wedekamp, mkuu wa itifaki, akimenya viazi.

"Karibu, Bi Ottilie. Usinicheke. Mpishi kaenda kwenye mapinduzi."

"Nisikucheke vipi? Nusu ya kiazi inakwenda na maganda!"

Akaiweka nishani mezani. Wedekamp akafuta mikono.

"Sasa nimrudishie nani?"

"Sheria ni sheria, bwana."

"Sheria imeondoka na mbwa." Akamsogezea nishani. "Kaa nayo. Michoro ya kile kitabu si yako?"

"Yangu. Hata jina langu halikutajwa nishani ilipotolewa."

"Mumeo aliliombea. Alipiga goti hapa hapa kasrini, mkatajwe wawili. Duki akasema nishani moja, shingo moja."

Ottilie akaketi. Miaka yote ile alikuwa na kinyongo na mumewe. Hata brashi aliziweka kando.

"Mbona hakuniambia?"

"Aliona haya. Alikataliwa mbele za watu."

Ottilie akachukua kisu, akamenya viazi huku machozi yakimdondoka, na Wedekamp akajifanya haoni.

Majira ya machipuko alirudi malishoni na rangi zake kuchora vipepeo. Nishani aliivaa mara moja tu, siku michoro yake ilipoonyeshwa mjini kwa jina lake mwenyewe. Muuza mikate akauliza, "Hiyo si ya marehemu?"

"Ni yetu," akasema Ottilie, akamwonyesha kipepeo wa kwanza.