Kaburi la Boksi

Jeneza lilifunguka, mnyonya damu akachomoza mkono wenye kucha ndefu. Ukumbi mzima wa sinema ukapiga mayowe, kisha ukaangua kicheko.

"Kata kucha kwanza, wewe!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mwache, anatafuta mchumba!"

Mama hakucheka. Alikuwa amenibana mkono, macho yake yakiwa kwenye kaburi lililokuwa kando ya jeneza. Msalabani palisomeka Leobardo Arriaga. Ndilo jina la kaka yangu.

Miaka ile Jiji la Mexico lilitoa sinema za kutisha kama mikate: leo wachawi, kesho maiti waliokaushwa, baadaye hata wanamieleka wenye vinyago wakipigana nao. Baba yangu, Nabor, alitengeneza makaburi ya maboksi studioni na kuyaandika majina. Majina aliyabuni mwenyewe, na mwiko wake ulikuwa mmoja tu: la mtu aliye hai haliandikwi.

"Utamchuria," alizoea kutuambia.

Leobardo alikuwa amevuka mto wa mpakani kwenda nchi ya kaskazini kuchuma pamba. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Kila ilipofika Siku ya Wafu, Mama alitandika meza, akapanga maua ya manjano, mikate, picha za babu na bibi, na glasi ya maji, maana wafu hufika na kiu. Picha ya Leobardo ilibaki juu ya cherehani, upande wa pili wa chumba. Aliye hai hawekwi kwenye meza ya wafu. Jirani mmoja alithubutu kumshauri aihamishe, akatimuliwa kwa ufagio.

Tuliporudi kutoka sinema tulimkuta Baba jikoni akila maharage. Sinema alizofanyia kazi hakuwa akizitazama, na alidhani nasi hatuzitazami. Mama hakuvua hata mtandio.

"Nabor, umemzika mwanangu bila kuniambia?"

Baba akaweka kijiko chini. "Nilitaka awe na kaburi, Eduviges. Hata la boksi."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Hakuna. Ningeambiwa, ningelia nikamaliza."

Tangu siku hiyo Mama alimpakulia chakula bila kumsemesha. Mimi pia nilimchukia. Niliona kwamba ni yeye, kwa brashi yake, aliyemuua kaka yangu. Sasa nimefikia umri wake, na moyo unaniuma nikimkumbuka amejiinamia pale mezani. Mzee wa watu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka msiba wake.

Siku ya Wafu ikawadia. Asubuhi nilimkuta Mama amesimama mbele ya cherehani. Aliichukua picha, akaifuta kwa aproni, akaivusha chumba hadi meza ya wafu, polepole kama aliyebeba mtoto aliyelala. Baba alikuwa mlangoni, hathubutu kuingia.

"Unasimama hapo kama mgeni?" Mama akamwambia. "Njoo uniwashie mshumaa."

Baba akaja. Njiti mbili za kiberiti zikazimika kabla mshumaa haujashika. Mama akamimina maji kwenye glasi, akaiweka mbele ya picha, akaitazama kwa muda. Kisha akaiondoa glasi, akaweka jagi zima.

"Ametoka mbali," akasema.